Uchaga wa Kuni katika Bonde la Kilombero

Kiswahili chatofautisha kazi za kuni kwa uangalifu kuliko wengi wetu tunavyokumbuka. Kusenya ni kuokota matawi makavu yaliyokwisha kuanguka. Kutema ni kukata kwa shoka au panga. Kuchanja ni kupasua gogo liwe vipande. Kipande kimoja ni ukuni, nao ukiisha kushika moto huitwa kijinga. Maneno haya si pambo la lugha. Mwenye kusenya apata mti uliokaushwa na jua. Mwenye kutema apata mti mbichi, na kazi ya kuukausha yamngoja bado. Katika nchi kavu tofauti hiyo si kubwa. Hapa Michenga, na katika vijiji vingine vya upande wa Ifakara, ndiyo iliyozaa desturi ninayotaka kuieleza, nayo ni uchaga.

Bonde letu lakaa kati ya milima ya Udzungwa, upande wa kaskazini-magharibi, na nchi ya juu ya Mahenge, upande wa kusini-mashariki. Mto Kilombero, ambao watu wa zamani waliuita pia Ulanga, hufurika wakati wa masika, na maji hutanda juu ya uwanda wote. Wandamba, wavuvi na wakulima wa mpunga, walijifunza kukaa na maji hayo. Walijenga madungu juu ya nguzo, na humo walilinda mashamba yao. Basi katika miezi ya Machi hata Mei, mama mwenye kuni kavu alikuwa tajiri kuliko mwenye samaki, maana samaki wabichi walikuwa wengi na pa kuwabanika hapakuwapo.

Kwa hiyo kuni zilisenywa wakati wa kiangazi, zikapangwa juu ya kichanja cha miti kilichofungwa juu ya mafiga. Hicho ndicho uchaga. Joto la chakula cha leo lilikausha kuni za kesho, na mchwa hakuzifikia. Akili ya desturi hii ni kubwa. Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji kadiri ya nusu ya uzito wake, na ukitiwa motoni, joto ambalo lingechemsha chungu lapotea katika kuyageuza maji hayo kuwa mvuke. Moto wapoa, na hewa zinazotoka ndani ya mti hazipati joto la kuziunguza, zatoka nje kama moshi. Moshi basi ni kuni isiyomaliza kuungua. Mpishi aliyefukiziwa macho na kuni mbichi amepoteza mara mbili: macho yake na kuni zake.

Bibi yangu hakusoma mambo hayo, ila aliyajua. Alitazama ncha ya ukuni kama ina nyufa, akajaribu kama ganda labanduka, kisha akagonganisha vipande viwili. Vikilia kwa sauti kali alivikubali, vikitoa sauti nzito alivirudisha juani. Mnyaa hakutaka uingie jikoni kabisa, kwa sababu utomvu wake mweupe huunguza macho vibaya sana. Wala hakukubali mafiga ya mawe yaliyotoka mtoni, maana jiwe lililonywa maji laweza kupasuka likipata moto ghafula. Alifinyanga mafiga yake kwa udongo wa kichuguu.

Lakini uchaga wa zamani haukuwa peke yake. Jiko lilikuwa kibanda mbali na nyumba ya kulala. Paa lilikuwa juu sana, na moshi ulipata njia. Na juu ya uchaga hazikuwekwa ila kuni nene. Makumbi, mabua na majani makavu yaliwekwa pengine, kwa kuwa cheche moja yatosha kuyawasha. Usiku vijinga vilitolewa mafigani na kufukiwa majivuni. Huu ndio ulinzi wa desturi, na ndio uliopotea kwanza.

Nadhani mabadiliko yalikuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni makao. Mwezi wa Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, nayo itimizwe kabla ya mwisho wa 1976. Watu waliokaa mbalimbali wakakusanywa, nyumba zikapangwa safu kwa safu, na mahali pengi jiko likasogea karibu na nyumba. Baadaye yakaja mabati, na vyumba vya kupikia vikawa vifupi na vyembamba. Uchaga ulihama pamoja na watu, lakini ulinzi wake haukuhama.

Njia ya pili ni uhaba. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa 1992, na kwa miaka mingi akina mama wa vijiji vya mpakani waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kusenya kuni zilizoanguka; ruhusa hiyo ilikoma 2011. Silaumu kulindwa kwa msitu, kwa kuwa mito inayonywesha mpunga wetu yatoka huko. Nasema tu kwamba aliyekuwa akisenya sasa hutema, na anachotema ni mwembe wa uani au matawi ya mtiki, mabichi. Wengine huchochea moto kwa vipande vya plastiki, ambavyo moshi wake ni sumu, au kwa vipande vya nguzo zilizotiwa dawa, ambavyo ni vibaya zaidi.

Mwaka 2008 jiko langu mwenyewe liliungua. Uchaga ulikuwa juu ya mafiga kadiri ya urefu wa mkono, na mimi, mwalimu, nilikuwa nimetupa juu yake mabua ya mahindi ili yasilowe. Hatukuwa na mtu ndani, namshukuru Mungu. Mtoto wetu mdogo alikuwa ametoka dakika chache kabla kumfuata kuku.

Tangu siku ile nimebishana na wenzangu. Wako wasemao uchaga uondolewe kabisa, kama desturi ya ujinga. Sikubali. Yafaa uhamishwe: nje, chini ya kipaa chake, juu ya magogo mawili ili upepo upite na mchwa asipande, mbali na ukuta, na ndani ziingizwe kuni za siku moja tu. Kuhusu moshi, Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu kama milioni 3.2 duniani. Serikali yetu, katika mkakati wake wa 2024, yataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Hata siku hiyo ifike, masika mengi yatapita, na chungu lazima kiinjikwe.

Mama mkwe wangu alikubali kuhamisha uchaga wake mwaka juzi, kwa manung'uniko. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba nimchanjie kuni mimi mwenyewe, kabla ya mvua, na nizigonge mbele yake moja moja. Nne alinirudishia.