Waya Uliodanganya Majeshi

Mwezi Machi 1945, Wajerumani waliolinda ukingo wa mashariki wa mto Rhine walisikia usiku muungurumo wa malori na nyundo za wajenzi wa madaraja. Ilionekana Wamarekani wanajiandaa kuvuka hapo. Wajenzi hawakuwapo. Kelele zote zilitoka kwenye waya wa chuma mwembamba kama unywele.

Uvumbuzi wenyewe ulikuwa umekaa miaka mingi bila kupata kazi ya maana. Mwaka 1898 Valdemar Poulsen, fundi wa simu mjini Copenhagen, alisajili hataza ya mashine ya kunasa sauti kwa sumaku: sauti iligeuzwa kuwa mkondo wa umeme, na sumaku ndogo ikauandika mkondo huo juu ya waya uliopita mbele yake. Katika Maonyesho ya Paris ya 1900 hata Franz Joseph, Kaizari wa Austria, alisema maneno machache mbele ya mashine hiyo, na rekodi ingalipo. Lakini sauti ilitoka hafifu, na vikuza sauti vya umeme vilikuwa havijabuniwa. Santuri ikatwaa soko.

Aliyeufufua waya nchini Marekani ni Marvin Camras, kijana wa Chicago ambaye, mwishoni mwa miaka ya 1930, alitaka tu kumsaidia binamu yake aliyejifunza kuimba opera. Alichanganya sauti na mkondo wa masafa ya juu usiosikika na sikio, rekodi ikatoka safi zaidi. Vita vilipopamba moto, Armour Research Foundation, alikofanya kazi, ikawa inatengeneza mashine hizo kwa ajili ya jeshi.

Sidhani uzuri wa sauti ndio uliowavutia makamanda. Sindano ya santuri huruka gari likitikisika. Waya haujali mashimo ya barabara. Santuri ya siku zile iliisha baada ya dakika chache, waya ukaendelea nusu saa na zaidi, kisha ukafutwa na kutumiwa upya. Ukikatika, unafungwa fundo. Ole wako tu ukifumuka kutoka kwenye bobini.

Waliojua kuutumia kwelikweli ni kikosi cha watu wapatao 1,100 kilichokuja kuitwa Jeshi la Mizimu. Wengine humo walijaza upepo vifaru vya mpira, wengine wakatuma ujumbe bandia wa redio. Kombania ya 3132 ilishughulikia sauti. Vifaru na malori halisi yalirekodiwa kwanza kwenye santuri huko Fort Knox, Kentucky, kisha mafundi wakazichanganya sauti hizo kwenye waya kulingana na hila ya usiku husika: safu ya vifaru inakaribia, inapanda kilima, inasimama. Spika kubwa zilifungwa juu ya magari ya deraya, na kelele zake zilisikika umbali wa hadi kilomita 24. Huko Rhine kikosi hiki kiliigiza divisheni mbili nzima, huku jeshi lenyewe likivuka mahali pengine. Siri hiyo ilifichwa hadi miaka ya 1990.

Amani iliporudi, mashine ya aina hiyohiyo ilipewa kazi iliyo kinyume kabisa. Mwaka 1946 David Boder, profesa wa saikolojia mjini Chicago, alichukua kinasa sauti cha Camras na bobini 200 za waya, akazunguka Ufaransa, Uswisi, Italia na Ujerumani. Aliwahoji watu wapatao 130, wengi wao Wayahudi walionusurika kambi za Wanazi, kila mmoja kwa lugha aliyoichagua. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote zilizowahi kufanywa kwa waya.

Utepe wa plastiki, ambao Wajerumani walikuwa wameuendeleza tangu miaka ya 1930, uliufuta waya sokoni katika muda mfupi. Bobini moja ya Boder, yenye nyimbo alizorekodi katika kambi ya wakimbizi ya Henonville, Ufaransa, ilidhaniwa imepotea hadi ilipopatikana katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha Akron, Ohio. Kabla ya kuisikiliza, ilibidi kwanza mashine kuukuu itafutwe na kuundwa upya.