Wikendi ya Raketi Kwenye Theluji ya Vercors: Soma Hii Kabla Utoe Doh

Kama una beshte anasoma Grenoble, kusini-mashariki mwa Ufaransa, kuna siku atakuambia mwende wikendi ya raketi. Sio tenisi. Raketi ndio jina Wafaransa walipatia viatu vya theluji, juu vinafanana na zile za kuchezea mpira. Na pahali wasee wa Grenoble hupenda kuvivalia ni Vercors, milima iko hapo tu nje ya mji. Hii hapa risto yote, ndio usitokee na jinzi ukidhani ni Uhuru Park na baridi kidogo.

Wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini walivitengeneza na mbao na kamba za ngozi. Siku hizi ni plastiki ama aluminiamu, na meno ya chuma chini. Kazi yake ni kutawanya uzito wako. Bila hivyo, kwa theluji laini unazama hadi mapajani na unachoka kabla ya mita 100. Unafunga juu ya ndula zako za mlima, unatembea miguu ikiwa imeachana kidogo, na hurudi nyuma ovyo juu mkia unashika theluji na unaanguka. Kuna kachuma chini ya kisigino, unakainua mkipanda mlima. Umeshajua.

Lakini usijigambe ati juu wewe ni Mkenya miguu itajipa. Philip Boit alikuwa mkimbiaji kabla aanze kuteleza na skii, na kwa Olimpiki ya Nagano 1998 alimaliza wa 92, wa mwisho, kwa kilomita 10. Bingwa Bjørn Dæhlie alimngoja kwa mstari amkumbatie. Theluji ni mchezo mwingine, buda. Kilomita mbili ama tatu kwa saa ni mwendo poa.

Sasa Vercors yenyewe. Katikati kuna hifadhi ya Hauts-Plateaux, karibu hekta 17,000, imelindwa tangu 1985. Hakuna mtu anaishi huko mwaka mzima, hakuna lami, hakuna stima. Theluji mpya inameza sauti, so unaskia tu pumzi yako na meno ya viatu. Hakuna nduthi, hakuna jirani na sabufa yake. Wengine hiyo kimya huwatisha siku ya kwanza.

Hiyo kimya ina wenyewe pia. Kuna ndege anaitwa tétras-lyre, hujichimbia shimo kwa theluji na kukaa humo karibu siku nzima ndio asipoteze joto. Ukimshtua, anaruka na kupoteza nguvu anayohitaji kwa baridi. Ukimshtua mara kadhaa anaweza kufa. Ndio maana kiongozi atawazungusha mbali na sehemu fulani, mbwa hawaruhusiwi kwa hifadhi, na ile spika yako ya bluetooth itabaki kwa keja.

Hapo kwa kiongozi ndio watu hubana doh, na hapo ndio kuna ngori. Kwanza, Vercors ni mawe ya chokaa. Maji hayakai juu, yanapenya, na yamechimba mashimo wenyeji wanaita scialet, mengine marefu sana kwenda chini. Theluji ikianguka inafunika mdomo. Wewe unaona tambarare safi ya kupiga foto, kiongozi anajua chini kuna nini.

Pili, ukungu. Ukishuka, mbingu na ardhi zinakuwa rangi moja na huwezi jua kama hatua inayofuata inapanda ama inashuka. Upande wa mashariki wa hizo tambarare unaishia kwa majabali. Simu yenyewe, baridi inaua chaji haraka.

Tatu, maporomoko ya theluji. Ulaya wana kipimo cha hatari cha 1 hadi 5, na majira ya baridi taarifa hutolewa kila siku. Usione 3 uone ni katikati tu. Vifo vingi hutokea hapo, juu watu huona bado iko sawa. Miteremko mibaya ni ya digrii 30 kwenda juu, na mara nyingi mwenye kuyaanzisha ni yule yule anayefunikwa. Ukifukuliwa ndani ya dakika kama 10 una nafasi kubwa ya kupona, baada ya hapo inashuka vibaya. Helikopta haifiki kwa hizo dakika. Wa kukufukua ni mbogi yako, kwa hivyo mkipita sehemu za hatari kila msee abebe kifaa cha ishara, fimbo ya kupimia na koleo, na mjaribu kuvitumia kabla ya kuondoka. Namba ya dharura ni 112.

Ufaransa, anayekulipisha kukuongoza lazima awe na diploma inayotambulika na serikali na kadi ya kazi. Itisha uione, hatakasirika. Kisha uliza: hali ya hewa ikiharibika tunaenda wapi, na doh yangu inarudi? Mwenye anajibu ati tutaenda tu, huyo mwache.

Nguo: vaa tabaka tatu, ya ndani isiwe pamba juu pamba ikilowa jasho inakugandisha. Glavu pea mbili, boshori, miwani ya jua na losheni ya jua. Ndio, hata sisi weusi, theluji inarudisha miale usoni. Beba maji ya kutosha, huko juu hakuna mito. Desemba jua linazama karibu saa kumi na moja jioni, so beba tochi ya kichwa.

Usiku mtalala kwa nyumba ya wageni kijijini, Autrans ama Villard-de-Lans. Agiza ravioles na jibini ya bluu ya hapo hapo. Jumapili huwa matembezi mafupi. Basi ya kurudi Grenoble angalia ratiba mapema, wikendi haiji kama mathree za Rongai.