Sheria ya afya inafunga pande mbili

Waganga wanapofika kambini kutoa chanjo ao kutafuta wagonjwa, kuna watu wanaokimbia. Si kwamba ni wajinga. Hofu hiyo iko na historia yake.

Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa usingizi, unaoletwa na inzi wa tsetse, uliua watu wengi sana Congo. Mwaka 1903 waganga Dutton na Todd walitumwa kutoka Liverpool kuuchunguza. Walifundisha kwamba mgonjwa anaweza kutambulika kwa kupapaswa tezi za shingo. Dutton mwenyewe alifia Kasongo mwaka 1905.

Serikali ya Leopold II, kisha ile ya Ubelgiji kuanzia 1908, ikageuza mafundisho hayo kuwa amri. Wanakijiji walipangwa mstari, wakapapaswa shingo mmoja mmoja. Mwenye kuonekana mgonjwa alipelekwa kwa nguvu katika lazareti, kama ile ya Ibembo, mbali na jamaa yake. Wengi hawakurudi. Dawa iliyoitwa Atoxyl ilikuwa na arseniki, na wagonjwa wengine iliwapofusha macho. Msafiri naye akalazimishwa kubeba pasipoti ya afya.

Tuseme ukweli: kufikia uhuru, mwaka 1960, ugonjwa huo ulikuwa umepungua sana. Lakini sheria ilimfunga mgonjwa peke yake. Hakuna aliyemuuliza kama anakubali, na aliyepofuka hakuwa na mahali pa kushitaki.

Tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini. Timu nyingi zilifika na magari na askari, na watu wakakumbuka yale ya zamani. Mwezi wa pili 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Mpaka ugonjwa kwisha, mwezi wa sita 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa. Kilichosaidia ni pale sheria ilipoanza kuheshimu mtu: chanjo ilitolewa kwa aliyekubali, na Beni vilijengwa vyumba vya plastiki inayoonyesha, ili mama aone mtoto wake akitunzwa.

Leo Katiba, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya, na tangu tarehe 13 Desemba 2018 inchi yetu iko na sheria ya afya ya watu wote. Aliyekimbia vita hakuiacha haki hiyo kijijini.

Basi muganga akifika kwenye hema lako, uliza: dawa hii inaitwaje, inatibu nini, inaweza kuleta shida gani? Kujibu ni wajibu wake. Na wewe, mtoto akianza kuharisha ao kuwaka moto, usimufiche. Mupeleke siku ileile. Huo ni wajibu wako, kwa sababu jirani yako analala hatua mbili tu kutoka kwako.