San Gimignano, Mji wa Minara

Wasikilizaji, leo nitawaeleza habari za mji mdogo wa Italia uitwao San Gimignano. Mji huu umekaa juu ya kilima katika jimbo la Toscana, nao umezungukwa na ukuta wa mawe. Mtu aujiaye kutoka mbali huona kwanza minara yake, mirefu, imesongamana kama minazi.

Labda mtauliza: Minara hii ni ya nini? Mingi yake si ya kanisa, bali ilikuwa mali ya matajiri. Hapo kale njia ya mahujaji waendao Rumi ilipita mjini humo. Wageni walileta fedha, na wenyeji wakauza zafarani yao hata nchi za mbali. Tangu mwaka 1199 walijitawala wenyewe.

Lakini utajiri ulizaa kiburi. Kila ukoo mkubwa ulijenga mnara ili kuonyesha fahari yake na kujikinga na jirani zake. Yasimuliwa kwamba minara ilifika 72. Waliozidi kwa uadui ni ukoo wa Ardinghelli na ukoo wa Salvucci. Mwaka 1255 sheria ilikataza mtu kujenga mnara uupitao kwa urefu ule wa Rognosa, nao una futi 167. Minara ikawekewa mpaka, lakini ugomvi haukuwekewa mpaka. Na wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

Mwaka 1348 tauni iliingia, ikaua zaidi ya nusu ya watu. Mji ukadhoofika, hata mwaka 1353 ukajitia chini ya mamlaka ya Florence. Uhuru ukapotea, na biashara ikafifia.

Basi tazameni ajabu hii. Katika miji iliyositawi, watu walibomoa minara ya kale wakajenga majumba mapya. San Gimignano haikuwa na fedha za kufanya hivyo. Kiburi kilijenga, umaskini ukahifadhi. Na hata leo minara ipatayo 14 imesimama.

Mgeni aweza kupanda Torre Grossa, mnara wa baraza la mji, uliokwisha kujengwa mwaka 1311, wenye futi 177. Akishuka, na aende kwenye uwanja wa kisima kilichojengwa mwaka 1273. Ukingo wake wa mawe umeliwa na kamba za wateka maji wa miaka mingi. Mnara ulikuwa wa ukoo mmoja. Kisima kilikuwa cha wote.