Jinsi Ugali Ulivyogeuka Mweupe

Mwaka 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, alichapisha katika jarida la Lancet habari ambayo leo ingemshangaza muuguzi yeyote wa Kisumu. Katika hospitali ya wenyeji aliyofanyia kazi magharibi mwa Kenya walilazwa wagonjwa wapatao 1,800 ndani ya miaka miwili, na hakuona hata mmoja mwenye shinikizo la juu la damu. Aliwapima pia watu 1,000 wenye afya. Baada ya umri wa miaka 40, presha zao zilielekea kushuka badala ya kupanda.

Wengi wao walikula wimbi na mtama uliosagwa kwa jiwe, pamoja na mboga za majani, kunde na maziwa. Wa ziwani walikuwa na samaki. Ugali wao ulikuwa wa kahawia. Lakini tusiwapambe kupita kiasi: njaa waliijua, malaria iliwaua wengi kabla ya uzee, na kila waendako walikwenda kwa miguu.

Mahindi yalikwisha kuwapo. Wareno waliyaleta pwani karne ya 16, ila bara kwa muda mrefu hayakuwa nguzo ya mlo. Walioyapa nguvu ni walowezi. Viwanda vya wanga vya Uingereza vilitaka mahindi meupe, hivyo mbegu nyeupe zikaletwa kutoka Afrika Kusini, na mwaka 1908 mlowezi Lord Delamere akaanzisha kampuni ya Unga. Kilichosalia kwenye biashara hiyo kilikuwa chakula rahisi cha kumlisha kibarua. Shambani, relini, na kwa wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, posho ilikuwa unga wa mahindi, mara nyingi ratili mbili kwa siku. Mtu alikwenda kutafuta fedha ya kodi akarudi nyumbani na mazoea mapya ya tumbo.

Kisha kukaja kukoboa. Mashine huondoa ganda na kiini, na pamoja navyo nyuzi, vitamini za kundi B na mafuta. Mfanyabiashara hufurahi, maana mafuta ya kiini ndiyo yanayouchachusha unga ghalani. Mlaji naye akaona sembe, yaani unga uliokobolewa, ni chakula cha mjini, na dona, usiokobolewa, ni cha shule na jela.

Mkoloni aliondoka, sembe ikabaki. Mahindi chotara yaliyotoka Kitale mwaka 1964 yalizidi kusukuma mtama na wimbi pembeni.

Madaktari walianza kuona mabadiliko. Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30, aliandika mwaka 1956 juu ya Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo kana kwamba ni kioja. Ushahidi mzito zaidi ulitoka kwa Wajaluo waliohamia Nairobi, waliofuatiliwa na watafiti ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 1990. Muda mfupi tu baada ya kufika mjini, presha zao zilikuwa juu kuliko za wenzao waliobaki kijijini. Chumvi katika mkojo iliongezeka, potasiamu ikapungua, uzito ukapanda.

Mwaka 1988 Gerald Reaven wa Marekani alikuwa ameshaeleza kwamba matatizo ya namna hii hutembea kwa kundi. Siku hizi mtu huhesabiwa kuwa na sindromu ya kimetaboliki akiwa na matatu kati ya matano: kiuno kipana, presha ya juu, sukari ya juu, trigliseridi nyingi, na kolesteroli nzuri iliyopungua.

Ugali peke yake hauwezi kubebeshwa lawama zote. Chai yenye sukari, soda, chipsi mayai na siku nzima kitini vina sehemu yao. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2012 ulikuta robo ya watu wazima wana shinikizo la juu la damu, na asilimia 9 wana kisukari.

Ukienda mashineni na debe lako la mahindi, mwambie msagaji apitishe moja kwa moja kwenye kusaga, asikoboe. Na gharama ya kukoboa itabaki mfukoni mwako.