Fungua Macho

Vijana wakimbizi ninaowafundisha kompyuta hapa Tororo huuliza kabla hata ya kuwasha mashine: nani anatuona? Zamani nilikuwa nacheka. Halafu nikasoma ripoti ya Privacy International ya Oktoba 2015. Inasema baada ya uchaguzi wa 2011, ujasusi wa jeshi la Uganda ulinunua programu ya FinFisher kuwachunguza wapinzani, ikategwa hadi kwenye hoteli. Inanasa kila unachoandika, inawasha kamera wewe hujui. Operesheni yenyewe iliitwa Fungua Macho, Kiswahili hichihichi chetu, jamani! Serikali ilikana. Juzi kijana mmoja alikataa kuandika imeili ya kumtafuta dada yake. Alienda mpakani Busia, akampa dereva wa lori ujumbe wa mdomo. Sikumzuia.