Ziwa Michaelson

Ziwa Michaelson ni ziwa dogo kwenye Mlima Kenya, nchini Kenya. Liko upande wa mashariki wa vilele, mwanzoni mwa Bonde la Gorges, kwenye kimo cha takriban mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Hakuna barabara inayolifikia. Wageni huenda kwa miguu wakiwa na hema na chakula, na hulala hapo kabla ya kuendelea kuelekea kilele cha Lenana (mita 4,985).

Mazingira

Bonde hilo lilichongwa na barafuto zamani, mlima ulipokuwa na barafu nyingi kuliko leo. Kwa sababu hiyo kuta zake zimesimama wima. Ukuta unaojulikana zaidi, uitwao Temple, huinuka takriban mita 300 juu ya ziwa. Mto Nithi huanzia katika bonde hili, na maji yake hatimaye huingia katika mto Tana.

Kando ya maji huota lobelia na senesio wakubwa. Aina moja ya lobelia huhifadhi maji katikati ya majani yake: usiku maji hayo huganda juu, na barafu hiyo nyembamba hukinga chipukizi lisiharibiwe na baridi. Pimbi huonekana kwenye miamba, nao hawaoni haya kuiba chakula kilichoachwa wazi.

Njia

Safari huanzia kwa kawaida Chogoria, mji wa Kaunti ya Tharaka-Nithi. Kutoka lango la hifadhi, lililo karibu mita 2,950, njia huacha msitu, hupita vichaka na nyasi, kisha hufuata ukingo wa juu wa bonde hadi vidimbwi vya Hall Tarns kwenye mita 4,300 hivi. Hapo ziwa huonekana chini, na msafiri hushuka kulifikia. Miezi yenye mvua kidogo ni Januari na Februari, tena Julai hadi Septemba.

Kulala ziwani

Kulala ziwani kuna faida moja kubwa: ni chini ya vidimbwi kwa takriban mita 300, na mwili hupumzika vizuri zaidi mahali pa chini. Lakini faida hiyo ina mtego. Aliyekuja kwa njia ya ukingoni hawezi kurudi bila kupanda kwanza. Shinikizo la hewa kwenye kimo hiki ni karibu asilimia 60 ya lile la pwani, na dawa ya kwanza ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka. Basi mwenye kichwa kinachouma sana, anayetapika au kupepesuka, apaswa kugeuka akiwa bado ukingoni, asishawishiwe na uzuri wa maji. Anayekohoa na kukosa pumzi hata akiwa amekaa huenda ana maji mapafuni, na huyo hangojwi hadi asubuhi.

Usiku joto hushuka chini ya sifuri na sakitu hufunika mahema. Begi zito la kulalia na mkeka wa sponji vinahitajika, kwani baridi ya ardhi huumiza kuliko ya hewa. Kuwasha moto wa kuni hakuruhusiwi. Wapishi hutumia jiko la gesi. Maji huchemka kwenye nyuzi 87 hivi za Selsiasi, hivyo maharagwe makavu huchukua muda mrefu sana kuiva. Wapagazi wenye uzoefu hubeba unga, mchele na vyakula vilivyokwisha kupikwa.

Kwa kuwa ziwa hulisha mto, choo huchimbwa mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji, na vyombo havioshwi ziwani. Karatasi na makopo hurudishwa hadi langoni.